Omega ya 1965 na fundi anayekataa kazi: sevisi ya saa ya zamani hapa Nairobi

Jina la fundi silitaji. Nilimuuliza kama naweza kumwandika akaniambia andika kazi, mimi niache, watu wakijaa hapa nitakuwa napiga stori badala ya kushika saa. Kwa hivyo nitasema tu ako ghorofa za juu za jengo moja la zamani upande wa Biashara Street, zile sehemu za nguo za watoto na vitambaa, na ukiuliza vizuri pale chini utaonyeshwa. Naandika kwa ajili ya nyinyi mko na saa ya maana imelala kwa droo, Omega, Longines, Rolex, Tissot ya mzee, na hamjui kama hapa Nairobi kuna mtu wa kumwachia. Yuko. Lakini mtafute yule anayekataa. Fundi anayekubali kila kitu unachomwambia, beba saa yako uende.

Saa yangu ni Omega Constellation ya chuma, milimita 34 na kitu, ile yenye uso wa pande kumi na mbili zinazoteremka kuelekea ukingoni. Kwa vijana wa siku hizi wenye saa za ukubwa wa sahani itaonekana ndogo, na mimi nawaambia hivyo ndivyo saa ya mwanamume ilikuwa. Omega walianza kuuza Constellation 1952, ikawa ndio saa yao ya juu, zimepimwa usahihi na kupewa cheti cha kronomita. Mgongoni kuna nembo ya jumba la kutazamia nyota na nyota nane juu yake, hapo wanajisifia rekodi walizoweka kwenye mashindano ya usahihi, zikiwemo zile za Kew-Teddington kule Uingereza 1933 na 1936. Ndani ni mashine namba 561, vito 24 (vijiwe vigumu vinavyoshikilia magurudumu), inapiga mara 19,800 kwa saa moja, na ukifungua unakuta yote ina rangi ya shaba nyekundu hivi, nzuri ajabu, na imefichwa nyuma ya chuma mahali hakuna mtu anaona isipokuwa fundi. Namba ya mashine inaanza na 22, yaani milioni ishirini na mbili na kitu, na kwa hesabu za Omega hiyo inaangukia 1965 hivi.

Niliinunua kwa mama mmoja wa Parklands aliyekuwa anahamia kwa binti yake Leicester na anapunguza vitu nyumbani. Ilikuwa ya marehemu mumewe, ambaye aliinunua mpya hapa hapa mjini wakati Moi Avenue bado inaitwa Government Road. Hakuwa na boksi wala makaratasi, na bei tulielewana kwa chai, sitaitaja maana mtanitukana.

Sasa, ilikuwa inatembea. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kwamba si inatembea, ya nini kuisumbua. Ilikuwa inachelewa kama dakika tatu kwa siku, na ukiivua usiku ukaiweka kwa meza, kuna asubuhi unaikuta imesimama na uliivaa jana kutwa, wakati mashine hiyo ikijaa inatakiwa kukaa masaa kama hamsini bila kuguswa. Tena ukiitikisa karibu na sikio unasikia kitu kinakwaruza. Shida ni mafuta. Saa ya aina hii ina mafuta kidogo sana, tone ambalo huwezi kuliona bila lenzi, na yale ya zamani yakikaa miaka yanafanya vile mafuta ya mandazi hufanya kwa karai iliyosahauliwa, yanakuwa gundi. Vumbi la chuma linashikwa humo, na kila mpigo wa saa unakuwa unasaga vile vincha vya magurudumu, kidogo kidogo, mara 19,800 kwa saa. Kwa hivyo kuivaa ikiwa hivyo ni kuiua polepole, na spea zake hazitengenezwi tena kwa wingi kama zamani.

Kabla ya Biashara Street nilipitia duka moja la mall, silitaji, kioo kila mahali na dada mpole sana kwa kaunta. Walinipigia hesabu hapo hapo bila kuifungua: uso tutaupaka rangi upya, mwili tutapiga polishi ing'ae, mishale tubadilishe, na mashine fundi wetu ataiangalia. Yaani vile vitu viwili vinavyoua saa ya zamani ndivyo viliwekwa mbele, na kile kilichonipeleka kikawa cha mwisho, tena "ataiangalia". Nikashukuru nikatoka.

Nieleze hiyo maana naona wengi wanauziwa hii kitu kila siku. Uso wa asili, hata ukiwa umegeuka rangi ya krimu na una madoa, ndio nusu ya thamani ya saa, pengine zaidi. Ukipakwa upya hauwezi kurudishwa. Na anayenunua anajua, anaangalia maandishi kwa lenzi, ya kiwandani yana kingo kali na nafasi sawa, ya kupakwa upya yananenepa, au ile SWISS MADE ya chini inakaa upande, wakati mwingine haipo kabisa. Kitu kingine cha kuangalia kama unanunua Omega za miaka hiyo ni katikati ya kioo, kile cha plastiki cha asili kina alama ndogo sana ya Omega ambayo inaonekana tu ukiinamisha saa kwenye mwanga. Na polishi nayo inakula chuma. Pembe zile zilizochongwa kali zinakuwa duara kama sabuni imetumika, nembo ya mgongoni inafifia, na ukipigwa mara tatu nne katika maisha ya saa unabaki na kitu kinang'aa lakini si saa ile tena. Mikwaruzo ya mwili iacheni jameni.

Fundi wangu nilielekezwa na mzee mmoja wa kanisani anayevaa Longines. Meza moja karibu na dirisha, taa mbili, mashine ya kuosha, na droo nyingi ndogo ndogo hadi juu zimeandikwa kwa penseli. Anasema alijifunza kazi kwa Mhindi mmoja hapo hapo mtaani akiwa kijana wa kufagia.

"Habari yako mzee."

"Mzuri. Umeleta nini?"

Nikampa. Hakusema kitu kwa muda, akaweka lenzi kwa jicho, akaizungusha, akaisikiza, akanirudishia macho.

"Unataka ifanywe nini?"

"Sevisi yote mzee. Na labda hii mishale isafishwe, ina madoa."

"Hayo madoa yamekuzidi umri, yaheshimu."

"Na polishi kidogo?"

"Kijana, ukitaka polishi kuna watu wa viatu hapo chini."

Nilicheka lakini yeye hakuwa anacheka. Nikauliza bei, akakataa kusema bei kabla ya kufungua. Nikauliza kama nitaipata wikendi, akakataa. Nikauliza kama naweza kuingia nayo kwa maji ikishatengenezwa, akaniangalia tu. Basi hapo nikajua nimefika.

Alifungua nikiwa hapo, na hii ilinipendeza sana kwa sababu duka nyingi saa inapelekwa nyuma huoni. Ndani ya kifuniko kulikuwa na mikwaruzo midogo, mafundi wa zamani walikuwa wanachora alama yao kwa sindano kila wakifanya sevisi, na ya mwisho ilisomeka 3/84. Pengine ilifunguliwa tena na mtu asiyeandika, lakini kwa vile mafuta yalivyokuwa, fundi alisema anaamini hiyo tarehe. Kuhusu ule mkwaruzo niliousikia, ni rota, kile kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono ukitembea na kujaza springi. Kwenye mashine za familia hii ya Omega mhimili wa rota ndio unajulikana kwa kulika, ukilika rota inalegea inaanza kugusa mahali haifai, na alinionyesha alama nyembamba ya duara ndani ya kifuniko ambapo ilikuwa imeshaanza kuchora.

Hapo likaja swali la spea. Omega iko chini ya Swatch Group na hao hawauzii spea kila fundi anayebisha hodi, lazima karakana iwe imeidhinishwa na wao. Fundi wa Biashara Street hayuko kwa hiyo orodha na wala hajifanyi yuko. Njia yake ni ile ya zamani: anaweka mashine mbovu. 561 ni ndugu wa karibu na 550, 551, 552, 562, 564, 565, zimechorwa pamoja na vipande vingi vinaingiliana, sasa yeye ana mashine ya 552 iliyotoka kwa Seamaster, Omega ya aina nyingine, ambayo mwili wake ulioza Mombasa, na kutoka hapo nikapata mhimili wa rota wa Omega halisi. Mtu wa Constellation akisikia hivyo anaweza kununa ati amewekewa kipande cha Seamaster. Ni kipande kile kile.

Springi kuu ilibadilishwa ikawekwa mpya ya aina ya kisasa ambayo haichoki wala kuvunjika ovyo kama zile za chuma cha zamani. Raba ya mgongoni nayo mpya. Kioo kilikuwa na ufa karibu na tarehe, tukaamua kungoja kile chenye alama ya Omega badala ya kuweka cha kawaida, na hicho kiliagizwa nje, hapo ndipo muda mwingi ulienda. Mengine ni kazi yenyewe: kuivunja yote mpaka kipande cha mwisho, kuosha, kukagua vito kwa lenzi, kuirudisha na kutia mafuta ya aina tofauti, mepesi kwa magurudumu yanayokimbia na mazito kwa yale yanayobeba nguvu kutoka kwa springi. Anatumia Moebius ya Uswisi, nilimwomba kuona chupa akanionyesha bila kuudhika. Ulizeni hilo swali popote mnapoenda. Anayekasirika ukiuliza mafuta gani ana sababu.

Matokeo. Ana ile mashine ndogo ya kusikiliza saa yenye maikrofoni, unaweka saa juu inachora mistari. Kabla ya kazi, balansi, lile gurudumu linaloyumba huku na huku, ilikuwa inazunguka chini ya nyuzi 200, hiyo ni saa mgonjwa. Baada ya kazi ikawa 280 na kitu ikilala chali, na anapima kila upande, juu, chini, kifundo (kile cha pembeni unachozungusha kwa vidole) juu, kifundo chini, kwa sababu saa inaweza kuwa sawa mezani na mkononi ikakudanganya. Mashine hii ina kirekebishi chenye springi iliyopinda kama shingo ya ndege, kinakubali kuguswa kidogo sana, na alicheza nacho mpaka akaridhika. Mkononi mwangu sasa inawahi sekunde tano sita kwa siku. Kipimo cha kronomita kinachotumika leo Uswisi ni kati ya kuchelewa sekunde 4 na kuwahi sekunde 6. Saa ya 1965 bana! Nimekuwa nikiilinganisha na simu kila asubuhi mpaka mke wangu ameniuliza kama kuna mtu ananitumia meseji.

Nimelipa elfu ishirini na mbili kila kitu, kioo kikiwemo, nusu mbele kwa M-Pesa na nusu nikichukua. Kuna mtu atasema hiyo ni pesa nyingi kwa saa kuukuu, sawa, yeye aendelee na yake ya betri, na hata sio matusi, saa ya betri ya bei rahisi itaishinda hii yangu kwa usahihi kila siku ya wiki. Seiko walipotoa Astron, saa ya mkononi ya betri, Desemba 1969 mambo yaliisha hapo. Ndio maana mafundi kama huyu wamebaki wachache, wengi walio kwa vibanda vya Tom Mboya na River Road ni watu wazuri lakini kazi yao ni betri na mikanda, usimpelekee hii mashine mtu wa betri.

Sasa malalamiko, maana simpigii debe. Muda: aliniambia wiki tatu na zikapita sana, na simu hashiki akiwa kazini, na yeye ako kazini kila saa, kwa hivyo ukitaka habari unapanda ngazi. Risiti ni ya kitabu cha dukani kilichoandikwa kwa mkono, hakuna gurantii ya maandishi, ni "ikisumbua rudi" tu. Mimi nilirudi kweli mara moja, ilikuwa imeanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku ghafla, akaileta karibu na dira ndogo, sindano ikacheza, akaipitisha kwa kifaa cha kutoa sumaku na hakunilipisha. Ilikuwa ile kava ya simu yenye sumaku niliyokuwa naiweka nayo usiku. Kitu kingine, hana mashine ya kupima kama maji yanaingia. Kwangu si shida kwa sababu saa ya umri huu hata ungepima sitaipeleka majini, lakini kama una saa ya kupigia mbizi na unataka kuogelea nayo Diani, huyu si wako. Na kama unataka kila kitu kiwe na karatasi rasmi, Omega wenyewe wana karakana kule Bienne, Uswisi, inayoshughulikia saa zao za zamani, jiandae tu kwa bei na kungoja, na andika wazi kwa maandishi kwamba mwili usipigwe polishi, uso usiguswe, na vipande vya zamani virudishwe.

Kwa walio na hii mashine 561, tarehe yake haina njia ya mkato kama ile 564 iliyokuja baadaye, ambayo unavuta kifundo inaruka. Lakini huhitaji kuzungusha siku nzima pia. Peleka mishale mpaka ipite saa sita usiku tarehe ibadilike, irudishe nyuma mpaka saa tatu usiku, halafu mbele tena, inaruka nyingine, unaendelea hivyo. Polepole. Ikigoma usilazimishe. Kioo nacho ni plastiki, mikwaruzo midogo unaitoa na kolgeti kidogo na kitambaa laini, usimlipe mtu.

Mkanda niliokuwa nao fundi aliucheka, plastiki ya kujifanya ngozi ya mamba. Nikaenda Kariokor, kwa wale wa viatu vya ngozi, nikapima milimita 18 pale unaposhikia, nikashonewa wa ngozi ya ng'ombe rangi ya kahawia bila urembo, bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Umekaa vizuri kuliko ile mingi ya kuagiza. Ubaya wake jasho likiingia unanusa kidogo wiki za kwanza.

Kuhusu kuivaa mjini, mimi naivaa. Wengi hawajui ni nini, wanaona saa ndogo ya babu, na hiyo ndiyo raha ya hii saa kuliko Rolex ambayo hata mtoto wa nasari anaijua. Lakini nikiwa kwa matatu dirishani na tumekwama pale Globe, mkono unaingia mfukoni, hiyo haihitaji maelezo.

Alama nampa nne kwa tano, hiyo moja nimekata kwa ajili ya simu na kungoja. Sevisi nyingine alisema nilete baada ya miaka mitano sita, au mapema kama itaanza kuchelewa. Jumamosi anafunga saa saba. Lifti ya hilo jengo msiitegemee, na bebeni pesa ya dipoziti maana bila hiyo haandiki jina lako kwa kitabu.